Mamake Yusuf na Mlima wa Theluji

Xiaobei, Guangzhou

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Nakubusu mkono wa kulia na wa kushoto, na lile goti lako bovu nalo nalibusu, maana najua majira haya halikupi usingizi. Linaendeleaje? Bado unapanda ngazi mwenyewe kwenda kuanika nguo, au umemwachia Fatma kama tulivyokubaliana? Usinijibu "nimemwachia" na huku unapanda. Mie sijambo, alhamdulillahi. Nakula, nalala, na mwili umeongezeka kidogo kwa ajili ya nyama ya kondoo, utasikia habari zake.

Najua unaigeuzageuza karatasi hii ukijiuliza kuna msiba gani. Hakuna msiba. Nimeandika kwa sababu jambo lenyewe si la simu. Wewe Mama simu ukiipokea unaiweka spika, nyumba nzima inakaa kitako kusikiliza, mpaka muuza samaki anayepita njiani anajua kwamba mie nina mafua. Barua nimempa Bi Rukia wa duka la mapazia pale Darajani, aliyekuja kuchukua mzigo na sasa anarudi. Nimeifunga kwa gundi, kisha juu nikaipiga selotepu kama vile nafunga robota la kusafirisha kwa meli, maana namjua Bi Rukia. Ukiikuta imefunguliwa, mwambie Biubwa anakusalimu sana na ameona.

Mama, unakumbuka ulichoniambia nilipokutajia Yusuf. Hukuuliza habari ya Uchina wake, wala kwamba anauza tambi za supu nyuma ya jengo la Tianxiu. Ulisema, "Mume ukimtaka wewe, mie sina neno, Mwislamu ni Mwislamu. Lakini mamake ni mtu gani? Mpaka nimjue mamake, mie sitoi mtu." Ukakata simu. Nilikasirika siku ile, sikufichi. Nikasema mama yangu ananifanyia inda, mie mtu mzima, nishaolewa nikaachika, nauza na kununua nchi za watu. Halafu hasira ziliposhuka nikaikumbuka nyumba ya mamake Hamadi. Nikiunguza wali, moshi haujatoka jikoni yule mavyaa yangu ameshafika barazani, anawahadithia wapita njia. Nikivunja kikombe, mtaa mzima unajua kilikuwa cha rangi gani. Ndoa ile hakuivunja Hamadi. Wewe ndiye uliyekuja kunichukua na begi langu, unajua. Basi nikaona una haki ya kuuliza, na mie sikuwa na jibu kwa sababu bibi mwenyewe nilikuwa sijamwona.

Sasa nimemwona. Nimekaa naye ndani ya gari moja, mlimani, kwenye theluji. Ngoja nikueleze taratibu.

Wachina wakiingia mwaka wao mpya, mji huu unafungwa. Kule Shisanhang ambako asubuhi huwezi kuweka mguu kwa ajili ya watu na marobota ya nguo, siku zile unasikia viatu vyako mwenyewe. Malaoban wote, ndio matajiri wenye maduka, wamerudi kwao. Mwaka jana nilijifungia chumbani na mkate na chai. Mwaka huu Yusuf akaniambia, kwa kile Kiingereza chake cha kuokoteza, "Twende kwetu Qinghai, mama anataka kukuona." Nikamjibu siingii nyumba ya watu kabla ya posa, kwetu hakuna hivyo. Akaenda zake, akazungumza na mamake, akarudi na jibu: basi hatukai nyumbani, tutakwenda mlimani. Wanawake watalala pamoja, yaani mie, mamake, na Mariamu dada yake mdogo, ambaye Kiingereza anakijua vizuri. Yeye Yusuf atalala mbali na sisi, kwenye chumba cha madereva cha huko huko mlimani. Hapo sikuwa na la kukataa.

Sababu ya mlima ni hii. Mamake Yusuf amezaliwa chini ya milima ile. Maisha yake yote akifungua dirisha anaiona, na hajawahi kuikanyaga, kwa sababu huko juu nyumba za wageni si za Waislamu na yeye hali kilichopikwa ndani ya chungu asichokijua. Marehemu mumewe alimwahidi atampeleka, Mungu akamchukua kabla. Basi Yusuf akakodi gari-nyumba. Mama, hilo ni gari limebeba nyumba mgongoni. Lina vitanda, jiko la gesi, sinki, choo, meza ya kukunja, na hita inayokula dizeli na kukoroma kama paka aliyeshiba. Unakwenda nalo mpaka ndani ya hifadhi ya taifa, kwenye kiwanja walichokitenga kwa magari ya namna hiyo, unaegesha, unapika chakula chako mwenyewe. Nilipoliona nikasema, jamani, si ningehamia humu moja kwa moja, kodi ya Xiaobei ikanipitie mbali.

Bibi alitupokea uwanja wa ndege wa Xining, huko kwao Qinghai. Mdogo wa umbo, ushungi mweupe, mashavu mekundu kwa upepo wa kwao. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akarudi tena juu. Nikatoa salamu, akaitikia vizuri, na hapo Kichina changu kikaishia. Mie Kichina changu ni cha sokoni: bei gani, ghali mno, punguza, rangi hii siitaki. Ukitafuta neno la kumwambia mavyaa mtarajiwa, humo hulipati. Bibi akasema kitu, Mariamu akacheka akakataa kutafsiri. Nikambana mpaka akasema: "Anauliza, huyu mbona amevaa nguo ya kwendea arusini?" Koti lenyewe nimelichagua Guangyuan Xilu kwa bei ya jumla na nilijiona nimependeza! Bibi akanivua palepale, mbele za watu, akanivika la kwake la ngozi ya kondoo, lenye harufu ya kondoo mzima. Yeye akavaa la mwanawe. Yusuf akabaki na sweta.

Mama, nikuambie nini kuhusu theluji? Mie nilidhani ni ile barafu ya friza letu inayokwanguliwa kwa kisu. Siyo. Tulipokuwa tunapanda, ilianza kushuka, na kilichonishtua ni kwamba haina sauti. Mvua yetu unaisikia inakuja, inapiga mabati, watu wanakimbilia nguo kambani. Hii inashuka kimya, unageuka tu unakuta jiwe limepotea, ua limepotea, barabara imepotea, kila kitu cheupe. Nilimwambia Yusuf asimamishe gari. Nikashuka, nikatoa kiganja, ikatua juu yake. Kila kipande kina nakshi zake, kimechongwa kuliko mlango wa babu, na kabla hujamaliza kukitazama kimekuwa maji. Nililia, Mama. Sijui nilikuwa nalilia nini. Machozi yenyewe yakagandia kwenye kope.

Na mlima! Tulifika umefunikwa na mawingu, ukaonekana baadaye mawingu yalipofunguka. Nilinyanyua kichwa kuutafuta mwisho wake mpaka mtandio ukaanguka. Pale unapodhani sasa ni mbingu, bado ni mlima. Nilisema Subhanallah mara nyingi mpaka Mariamu akaniuliza kama naumwa. Mto umesimama, umekuwa barafu ya kijani, lakini ukiinama unasikia maji yanazungumza chini yake. Juu kwenye majabali kuna mbuzi wa mwituni, rangi ya mawe, wanatembea pahala ambapo hata kunguru angefikiria mara mbili. Nikajiona mdogo sana, tena nikafurahi kuwa mdogo. Mambo yangu yote ya kontena na mizigo yaliyokuwa yananikosesha raha, wallahi niliyasahau.

Bibi naye alisimama pembeni yangu, mikono inaning'inia. Kisha akatamka maneno machache. Mariamu akaniambia amesema: "Miaka yote namwona uso tu. Kumbe ana na mgongo." Nikamtazama yule mwanamke, nikaanza kumpenda, na hapohapo nikaanza kuogopa, kwa sababu sasa nilitaka anikubali.

Nikafanya bidii kama mwari. Nikapika pilau kwa zile bizari ulizonitumia, akala, akaomba tena. Nikakunja matandiko kabla hajayagusa. Bibi hasifu, bibi anaangalia tu. Yusuf alitupa maonyo mengi juu ya maji: tangi lina blanketi lake, bomba lisifunguliwe usiku, ndoo zikae ndani karibu na hita. Maonyo yote yalikuwa ya maji ya ndani. Ya maji ya nje hakuna aliyenionya, kwa sababu watu wa kule hakuna anayeweza kufanya nilichokifanya mie.

Asubuhi iliyofuata tulisali, bibi akarudi kukaa kitandani na tasbihi yake. Mie nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha kwamba nimelelewa. Unajua ulivyonifunza, Mama: mlango wa mtu haupambazuki mkavu, unatia maji, unatuliza vumbi, unafagia, ndipo mgeni apite na kheri ipite. Nikachukua beseni la maji ya udhu, bado yana uvuguvugu, nikafungua mlango, nikayamwaga yote, juu ya kidaraja cha chuma cha kupandia garini na chini yake pale tunapokanyagia. Nikachukua kifagio kidogo cha gari nikafagia vizuri. Vumbi liko wapi kwenye theluji? Sikujiuliza. Nikafunga mlango, nikawasha jiko kuchemsha chai, najisifu moyoni.

Chai haijachemka, bibi akachungulia dirishani. Jua lilikuwa linagusa kilele. Mama, kile kilele kilitoka kwenye weupe kikaingia uwaridi, kisha dhahabu, na rangi ile ikawa inateremka polepole mlimani kama mtu anateremsha pazia. Bibi akapiga ukelele kama mtoto, akanishika mkono, ananivuta, njoo, njoo uone! Akafungua mlango yeye mbele. Nikamwona anatoka, kisha nikawa simwoni. Nikasikia kishindo.

Nilichungulia. Bibi amekaa chini, mkono wa kulia umepinda pasipo na kiungo. Na pale chini ya kidaraja, maji yangu ya udhu yamekuwa kioo. Yanang'aa. Yana mpaka alama za kifagio changu.

Nikajua papo hapo yamekwisha. Nikaiona barua hii ikiandikwa kwa maneno mengine kabisa. Nikamwona mamake Hamadi yule, barazani, na safari hii ana haki. Yusuf anakuja mbio kutoka chumba cha madereva, anaita "Ama! Ama!", ndivyo wanavyoita mama kwao. Na hapo, Mama, nikaona kitu ambacho nataka uweke barua hii chini kidogo kabla ya kukisoma.

Bibi alikiangalia kile kioo. Akaniangalia mie mlangoni, beseni bado liko karibu na miguu yangu. Akafahamu. Kisha kwa ule mkono wake mzima, mwenzake umevunjika, akaanza kuzoa theluji ya pembeni na kuimwagia juu ya barafu. Haraka haraka, kiganja baada ya kiganja, akaitandaza akaisawazisha. Yusuf alipofika, hakukuwa na barafu. Kulikuwa na theluji na mamake amekaa juu yake.

"Umeanguka vipi?" Yusuf anauliza.

"Viatu," bibi akasema. "Viatu vya mjini ulivyoninunulia. Nilikwambia sivitaki."

Yusuf akaanza kujilaumu. Masikini, njia nzima ya kwenda zahanati ya mji wa chini anaomba radhi kwa ajili ya viatu. Matairi yamefungwa minyororo, gari linakwenda kwa miguu ya kobe, theluji inaanguka, na mie nimempakata bibi mkono wake. Bibi ametazama dirishani anaangalia milima. Kila gari likiruka anakaza meno, halafu anarudi kutazama.

Kule zahanati wakampiga picha, wakamfunga plasta mpaka kiwikoni. Wakati tunasubiri ikauke, nikashindwa. Nikasimama mbele yao, nikasema kwa Kichina changu cha sokoni: "Maji, mie. Mlangoni, mie nimemwaga." Yusuf akanitazama haelewi. Nikarudia kwa Kiingereza ili Mariamu atafsiri. Nikawaambia kwetu ndiyo desturi, nikawaambia nimemvunja mamao mkono kwa kutaka anione mwema. Machozi yananitoka ovyo.

Bibi akanikazia macho. Akasema neno moja fupi, kwa ukali, nikajua ndiyo nimefukuzwa. Nikamgeukia Mariamu. "Amesema nini?"

"Amesema, nani kakuuliza?"

Kisha bibi akaongeza, na Mariamu akawa anatafsiri huku anajizuia asicheke: "Jambo nimelifunika kwa mkono wangu wenyewe katika baridi ile, wewe unakuja kulifunua mbele za watu. Kaa chini. Umekula?" Yusuf akafunika uso kwa mikono yake yote miwili, na mabega yakawa yanamtikisika. Sikujua analia au anacheka, nadhani vyote.

Tulidhani tutamrudisha nyumbani. Akagoma. Akasema mlima ameungoja tangu msichana, mkono mmoja hauwezi kumrudisha. Tukapanda tena. Siku iliyofuata mbingu zikafunguka, hakuna wingu, hakuna upepo, weupe mpaka macho yanauma, na ukimya ambao mie sijausikia tangu nizaliwe. Hata hita tulizima. Mie ndiye niliyemtawadhisha, kidole kwa kidole, na maji nikayamwaga ndani ya sinki, bibi ananiangalia na nyusi zimepanda juu. Nikamfunga ushungi. Tukatoka, nimemshika kiuno, tukasimama kwenye theluji inayolia chini ya miguu, tunautazama ule mlima. Sikuwa na neno la Kichina, wala yeye hana la Kiswahili. Akasema "Subhanallah." Nikasema "Subhanallah." Tukakaa na hilo moja muda mrefu, na lilitutosha.

Tulipoingia ndani akaninywesha kikombe cha chai yao, yenye tende na zabibu ndani, akamwambia Mariamu aniulize: mama yako anasemaje? Nikasema ukweli. Nikamwambia, mama yangu amesema hatoi mtu mpaka amjue mama wa mume ni mtu gani. Nilidhani ataudhika. Bibi akalipiga kofi goti lake kwa mkono mzima, akasema, "Huyo ni mama." Kisha akasema yeye jambo hili hatalituma kwa simu wala kwa mtu. Mumewe hayupo, basi atakuja Zanzibar yeye mwenyewe na kaka yake mkubwa, baada ya Idi plasta ikishatoka, akae mbele yako, akuombe kwa mdomo wake. Akaniambia kuanzia sasa nisimwite shangazi, nimwite Ama. Mie nimemwambia nitamwita hivyo wewe ukikubali, kabla ya hapo siwezi. Akasema hiyo ni adabu, akanisukumia sahani ya nyama.

Basi Mama, uliniuliza mamake ni mtu gani. Nimekaa siku mbili natafuta maneno ya kukujibu, hapa dirishani Xiaobei, huku vijana wa mizigo wameshaanza tena kupiga kelele na mikokoteni yao. Sina neno zaidi ya hayo niliyoyaona kwa macho yangu. Amevunjika mkono kwa kosa langu, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kunisitiri. Sasa ni wewe. Ukisema hapana, nitakuwa na huzuni na nitanyamaza. Ukisema ndiyo, sema kwa simu, tena weka spika, nyumba nzima isikie.

Nisalimie Fatma, mke wa kaka, mwambie madera yake yamo kwenye mzigo wa Bi Rukia na yeye ndiye wa kwanza kuchagua. Nisalimie kaka Nassor, mwambie asije akamhoji Yusuf habari za mpira, hajui kitu. Mjomba Khatibu mfikishie salamu zangu na umwombe dua, najua nawe hutamficha jambo hili. Shangazi Mwanaidi wa Pemba mpe salamu zangu, habari nyingine muachie mpaka zikamilike. Bi Rukia mpe chai, amenibebea mengi.

Mwenyezi Mungu akuweke, akulinde na ngazi zile.

Na ukikubali, Mama, nina ombi moja tu. Bibi atafika kwa ndege ya asubuhi, mkono bado dhaifu, na kwetu hapajui. Najua wewe siku hiyo utakuwa umeamka kabla ya ndege, na ndoo yako, na ufagio wako. Vumbi na lijae mpaka magotini. Siku hiyo moja, nakuomba, usimwage maji mlangoni.

Mwanao akupendaye,
Biubwa